Jina la Wimbo Si Wimbo Wenyewe (sehemu ya 1 hadi ya 6)

SEHEMU YA 1: Swali la binti yangu

Mama zangu, na nyinyi baba wachache mnaosoma kimyakimya bila kusema kitu, nawajua. Leo siongelei chanjo wala degedege. Wiki hii naomba tuongee muziki, ila mtaona mwishoni kwamba sijaenda mbali na kazi yangu.

Juzi nilitoka zamu ya usiku, nikalala kidogo, nilipoamka nikamkuta binti yangu wa miaka sita anaangalia The Lion King, ile katuni ya mwaka 1994, sijui kwa mara ya ngapi. Ikafika pale Timon na Pumbaa wanapoimba kipande cha ule wimbo wa simba aliyelala. Mtoto akanigeukia. "Mama, huyo simba wa kwenye wimbo mbona amelala kwenye miti mingi kama ya Uluguru? Simba si wanakaa Mikumi?"

Sisi tunaishi Morogoro. Barabara ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo watoto wa huku wanazijua nyasi za simba tangu wakiwa wamepakatwa ndani ya basi. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Wimbo ule wa Kiingereza unamweka simba katika msitu mnene, wakati simba ni mnyama wa nyika. Nilitaka nimjibu kirahisi, "ni wimbo tu huo mwanangu," lakini nikasita. Nilikuwa naijua kidogo habari ya ule wimbo, na najua kwamba kumweka simba mahali pasipo pake ndilo kosa dogo kuliko yote. Jina la wimbo lilikosewa, jina la mtunzi likafichwa nyuma ya jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na familia ya mtunzi ikabaki maskini huku dunia nzima ikiimba.

Nikakumbuka kisa changu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi, hospitali siitaji, nilikuwa wodi ya wazazi. Wale mliojifungulia hospitali mnajua, mtoto akishazaliwa anafungwa plasta mkononi au mguuni yenye jina la mama. Usiku ule walijifungua mama wawili, jina lao la kwanza moja, na watoto wote wa kiume. Kwenye plasta niliandika jina moja tu, kwa haraka, maana kulikuwa na mama wa tatu anaita. Kulipokucha nikamchukua mtoto, nikasoma plasta, nikampelekea mama. Mama akafunua kanga, akamtazama, akaniambia kwa upole tu, "Sista, huyu siye. Wangu ana nywele nyingi."

Miguu iliniisha nguvu. Jina lilikuwa sahihi, nililisoma vizuri kabisa, ila mtoto hakuwa wake. Ilirekebishwa palepale, hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile siliamini jina peke yake. Nasoma jina, halafu naangalia kilichopo.

Basi wiki hii tuangalie majina ya bendi na nyimbo kwa jicho hilohilo. Mengine yanachekesha, mengine yanauma. Twende pamoja.

SEHEMU YA 2: Jazi isiyo jazi

Tuanze na majina yasiyo na madhara, tupate kucheka.

Baba yangu ni mtu wa Msondo, damu yake yote. Nyumbani redio ikipiga muziki wa zamani alikuwa anasema, "Hiyo ndiyo jazi." Kwa hiyo nimekua nikijua jazi ni magitaa yanayojibizana, tarumbeta, na mtu anayemlaumu mke wake kwa Kiswahili safi. Nilipokuwa chuo cha uuguzi, mwenzangu wa chumbani akaweka muziki kwenye simu akasema ni jazi. Nikasikiliza, piano peke yake, halafu saksafoni inazunguka kama imepotea njia. Nikamwambia, "Dada, hapo umedanganywa." Kumbe niliyedanganywa ni mimi, au tuseme nilidanganywa na majina.

Jazi ya asili ni muziki wa Wamarekani weusi, na kitovu chake ni mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne iliyopita. Sasa hesabu na mimi bendi za kwetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Morogoro Jazz, bendi ya mji wangu huu, ilianza 1944, na ndiyo baadaye ilimtoa Mbaraka Mwinshehe. Kulikuwa na Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz. Tanga walikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na sidhani kama kuna mtu wa Tanga aliyewahi kuona kitu cha atomiki pale mjini. Zote hizo ni "Jazz", na muziki uliozipa jina hauchezwi na hata moja.

Walipiga nini? Kwa sehemu kubwa walipiga rumba. Kuanzia miaka ya 1930 ziliingia Afrika santuri za muziki wa Kuba, zilizojulikana kwa herufi GV zilizoandikwa juu yake. Watu wa Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walizipenda. Watu wa kwetu nao walizipenda. Vijana walizisikiliza kwenye gramafoni, wakashika magitaa, wakachanganya na mapigo ya ngoma za nyumbani, na ikazaliwa dansi tunayoijua. Baadaye muziki wa Kongo wenyewe ukaja kuongeza nguvu.

Hapa Morogoro Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948 ambayo ilikuja kujulikana kama Cuban Marimba. Hakukuwa na Mkuba ndani yake. Walikuwa watu wa hapahapa, wakiimba Kiswahili, na waliipenda Kuba kupitia santuri tu. Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi kwa jina lilelile.

Western Jazz nayo ina kichekesho chake. Ukisikia "Western" unafikiri Wazungu, nchi za Magharibi. Hapana. Iddi Nhende aliyeianzisha alitokea Jimbo la Magharibi la Tanganyika, upande wa Tabora na Nzega. "Magharibi" yenyewe ni hiyo. Na bendi ilikuwa Dar es Salaam! Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande hali kadhalika, Kilwa kwenye jina, makao Dar es Salaam. Ni kama leo unavyokuta "Moshi Butchery" iko Mbagala. Mtu anahama na jina la kwao, anaubandika mji wake juu ya mlango.

Ng'ambo ya ziwa huko Kongo, bendi ya Franco, OK Jazz, ilianza 1956. Watu wanadhani OK ni ile ya "sawasawa, safi". Kumbe asili yake ni baa. Mwenye baa aliitwa Oscar Kashama, herufi zake O na K, na bendi ikachukua jina la mahali ilipokuwa inapiga.

Na Msondo wa baba yangu? Mwaka 1964 iliitwa NUTA Jazz, kwa sababu ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kikabadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma. Bendi ni moja, imebadilishiwa tu plasta ya mkononi mara tatu. Ukimwambia baba hizo ni bendi nne tofauti anaweza kukunyima chai.

Sasa kwa nini waliitana "Jazz"? Kwa sababu siku zile neno hilo lilimaanisha muziki wa kisasa: magitaa, tarumbeta, watu wanacheza wawiliwawili ukumbini wamevaa viatu. Lilimwambia mtu asubiri nini akifika mlangoni. Saluni ya mtaani kwetu inaitwa "Paris" na hakuna mama anayeingia pale akitegemea kusukwa na Mfaransa. Sote tunajua jina linatamani kitu fulani, na hakuna anayedhurika.

Kesho nakuja na majina yanayodanganya kwa namna nyingine. Na utashtuka, maana moja kati ya hizo nyimbo unamwimbia mtoto wako.

SEHEMU YA 3: Malaika hakuwa wa mbinguni

Mama zangu, nani hapa hajawahi kumwimbia mtoto "Malaika"? Mimi mama yangu alimwimbia mdogo wangu akimwogesha kwenye beseni, na mimi nimewaimbia wangu. Ule wimbo unatuliza. Hata wodini nimesikia mama aliyejifungua usiku anauimba taratibu saa tisa, mtoto kamlalia kifuani.

Kwa sababu ya jina, wengi tunauchukulia kama wimbo wa mtoto. Mtoto si ndiye malaika wa nyumba? Wengine wanadhani ni wimbo wa dini. Na kwenye harusi ndiyo usiseme, unapigwa maharusi wakiingia, watu wanafuta machozi ya furaha.

Sasa siku moja kaa chini usikilize maneno yake mpaka mwisho, kwa akili ya mtu mzima. Ni kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, na hana uwezo. Pesa ndiyo inayomtesa. Malaika ni huyo mpenzi ambaye hawezi kumpata. Yaani tunapiga kwenye harusi wimbo wa harusi iliyoshindikana kwa kukosa mali! Baba mmoja aliniambia, "Sista, mimi niliulipia huo wimbo ng'ombe sita, mwenzangu alishindwa." Tulicheka sana, lakini kweli ndiyo hiyo.

Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kuufanya ujulikane, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka duniani, na mwaka 1965 aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya pamoja. Boney M nao wakaurekodi mwaka 1981. Watu wasiojua neno hata moja la Kiswahili wanaujua.

Na nani aliutunga? Hapo ndipo penye mgogoro. Jina la Fadhili William ndilo lililoenea, lakini Mtanzania Adam Salim naye alisema ni wake, aliutunga miaka mingi kabla. Wakenya wana msimamo wao na Watanzania wana wao, na mimi kama nesi siingilii ugomvi wa nani baba wa mtoto. Ninachokiona ni kwamba mtoto alipozaliwa hakuna aliyeandika kitu kwenye plasta kwa wakati, na ugomvi ukachelewa kuja mpaka mtoto akawa maarufu.

Wimbo mwingine ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Ukisoma jina unasema, masikini, mtu kaonewa. Sikiliza sasa. Ni mwanamume anajitetea mbele ya mwanamume mwenzake mwenye hasira, habari ni ya mke wa mtu, na utetezi wake mkubwa ni kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Mama zangu, hayo ndiyo "sina makosa"! Mume wako akikujibu hivyo usimwitikie kiitikio.

Hata jina la bendi lina chenga. "Les" ni Kifaransa, ukiona hivyo unasema Wakongo hawa. Bendi ilianzia Nairobi mwaka 1978, na wengi wa vinara wake walikuwa Watanzania. Ile "Les" ilikuwa fasheni kwa sababu muziki wa Kongo ulitawala. Ilijitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, ambao walipita Jamhuri Jazz na Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya. Simba Wanyika, yaani simba wa nyika. Angalau wao walijua simba anakaa wapi, binti yangu angefurahi.

Na msidhani ni sisi tu. Huko Uingereza bendi ya The Police ilitoa mwaka 1983 wimbo uitwao "Every Breath You Take", na Wazungu wanaupiga harusini wakidhani ni mahaba. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa ambaye anamchunga yule aliyemwacha kila hatua. Mtunzi wake, Sting, ameshasema mwenyewe kwamba si wimbo mwema kama watu wanavyoudhania.

Siwaambii muache kuimba Malaika. Mtoto wa miezi mitatu hasikii mahari, anasikia sauti yako na mapigo ya moyo wako, na hayo ndiyo yanamtuliza. Mimi naendelea kuuimba. Ila mtoto akikua akauliza maana yake, mwambie ukweli.

Kesho tunarudi kwa simba.

SEHEMU YA 4: Simba hakuwa amelala

Leo ndiyo leo. Kaeni vizuri.

Mwaka 1939, Johannesburg, Afrika Kusini. Kuna kijana wa Kizulu anaitwa Solomon Linda. Alizaliwa 1909 huko Msinga, mashambani, mahali pa kuchunga ng'ombe. Alikuja mjini kutafuta maisha kama wengine, akafanya kazi ya kufungasha santuri kwenye kampuni ya Gallo. Jioni na mwisho wa wiki aliimba na wenzake. Kundi lao waliliita Evening Birds, ndege wa jioni. Walikuwa wanaume watupu, wanaimba kwa sauti tu, sauti nene chini, na yeye juu kabisa kwa sauti nyembamba.

Siku moja wakaingia studio ya Gallo, wakarekodi wimbo unaoitwa "Mbube". Kwa Kizulu mbube ni simba. Ulitokana na kumbukumbu za utotoni, wachungaji vijana na simba aliyekuwa akivizia mifugo. Kwa hiyo simba wa Solomon hakulala. Alikuwa macho, ana njaa, na watoto wa watu walikuwa wanamkabili ili ng'ombe wa nyumbani wasiliwe. Mama mwenye mtoto wa kuchunga anaelewa wimbo kama huo unatoka wapi.

Kiitikio cha wale wanaume wa sauti nene kilikuwa neno "uyimbube", yaani "wewe ni simba". Shikeni neno hilo. Na karibu na mwisho wa rekodi, Solomon akatoa sauti ya kupanda na kushuka ambayo hawakuwa wameipanga, ikamjia tu pale kwenye maikrofoni. Kile kipande kifupi ndicho ambacho leo dunia nzima inakijua.

Afrika Kusini santuri iliuzwa sana. Ule mtindo wa kuimba wanaume kwa sauti tupu ukaanza kuitwa mbube, kwa jina la wimbo. Wale mnaowajua Ladysmith Black Mambazo, mizizi yao iko humo.

Kisha nakala ya santuri ikavuka bahari. Karibu na mwaka 1949 mtafiti wa nyimbo za asili, Alan Lomax, alimpa mwanamuziki wa Marekani, Pete Seeger. Seeger aliupenda mno. Lakini maneno hakuwa nayo kwenye karatasi, na Kizulu hakijui. Akakaa na santuri, anasikiliza, anaandika anachosikia. "Uyimbube" akaisikia kama "wimoweh".

Mimi simlaumu kwa hilo. Kila siku nasikia vibaya majina ya wagonjwa. Mtu amevaa barakoa, wodi ina kelele, anasema jina la kwao ambalo sijawahi kulisikia, naandika nilichosikia. Kosa la sikio ni la kibinadamu. Ila baada ya kuandika unatakiwa umuulize mwenyewe: ndivyo?

Hapa hakuna aliyeuliza. Kundi la Seeger, The Weavers, likaurekodi mwaka 1951, na ukatoka kwa jina "Wimoweh". Ni jina lisilo na maana katika lugha yoyote, si Kizulu, si Kiingereza. Simba akatoweka kabisa kwenye jina la wimbo wake.

Na kwenye nafasi ya mtunzi, liliandikwa jina la Paul Campbell. Paul Campbell ni nani? Hayupo. Hajawahi kuwepo. Lilikuwa jina la kubuni ambalo The Weavers walilitumia kwenye nyimbo walizozichukulia kuwa za asili, zisizo na mwenyewe, ili malipo ya utunzi yaingie kwao. Wimbo wa Solomon uliwekwa kwenye fungu hilo. Muziki wa Afrika ulionekana ni kitu cha kuokotwa tu, kama maembe yaliyoanguka njiani.

Mtoto wa mtu amefungwa plasta yenye jina la baba hewa. Nikiliwaza hilo nasisimka mwili.

SEHEMU YA 5: Shilingi 10

Jana wengi mmeniuliza, Solomon mwenyewe alikuwa wapi?

Alikuwa Johannesburg, bado mtu wa kawaida. Mwaka 1952 haki za wimbo alizikabidhi kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Nasema kumi, sijasahau sifuri. Seeger, kwa haki yake nimtaje, alipojua kwamba wimbo una mwenyewe, alimtumia Solomon dola 1,000. Kwa mtu mmoja mmoja kulikuwa na ubinadamu. Lakini karatasi zilishaandikwa, na pesa hufuata karatasi.

Mwaka 1961 kundi la vijana wa New York, The Tokens, wakautoa upya. Safari hii George Weiss akaandika maneno ya Kiingereza, na wimbo ukabatizwa "The Lion Sleeps Tonight", simba amelala usiku huu. Hapo ndipo simba aliporudi kwenye jina, lakini amebadilishwa tabia. Aliyekuwa anavizia ng'ombe sasa amelala fofofo msituni, na wimbo wa vijana wanaokabili hatari umekuwa bembelezo la watoto. Na ile sauti ya juu iliyomjia Solomon kwenye maikrofoni mwaka 1939 ndiyo waliyoiwekea maneno. Wimbo ulishika namba moja Marekani.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1962, Solomon Linda alifariki. Figo zilishindwa kufanya kazi. Nimewahi kuuguza wagonjwa wa figo wasio na pesa. Ndugu wanakaa kwenye benchi nje, wanahesabu noti zilezile mara tatu kana kwamba zitaongezeka. Sijui kumfikiria Solomon bila kuliona lile benchi. Familia yake hawakuwa na uwezo hata wa jiwe la kaburi wakati ule.

Wimbo haukufa. Waimbaji wengi wameurudia katika lugha nyingi, na mwaka 1994 ukaingia kwenye The Lion King. Filamu ile imechukua maneno yetu wenyewe, Simba, Rafiki, Pumbaa, hakuna matata. Mtoto wa Kiswahili akiitazama anajisikia yuko nyumbani. Lakini mtu aliyeleta simba kwenye wimbo alikuwa Mzulu aliyezikwa Soweto, na watoto wetu hawakulisikia jina lake.

Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliandika habari yote hii kwenye jarida la Rolling Stone. Watu wakashtuka. Wanasheria wakaanza kutafuta mlango, na wakaupata mahali ambapo hakuna aliyetegemea, kwenye sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911 iliyotumika kwenye makoloni yao. Sheria hiyo ilisema hata kama mtunzi ameuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki zinarudi kwa warithi. Solomon alikufa 1962. Ongeza 25, unapata 1987. Maana yake filamu ilipotoka 1994, haki katika nchi hizo zilikuwa zimesharudi kwa familia.

Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa Afrika Kusini dhidi ya Disney. Na kitu kilichoshikwa na mahakama ili kesi isikilizwe kule ni majina! Alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini ndizo zilizowekewa zuio. Familia ambayo jina la baba yao lilifutwa ilipata nguvu kwa kushika majina ya wakubwa.

Februari 2006 pande zote zikaelewana nje ya mahakama. Warithi walipwe kwa matumizi yaliyopita na yajayo, itambulike kwamba wimbo umetokana na "Mbube", na Solomon Linda atajwe kama mtunzi pamoja na wengine. Ilikuwa miaka 67 tangu arekodi, na 44 tangu afe.

Jioni niliposimulia hayo nyumbani, baba yangu alinyamaza muda, akazima redio. Akasema neno moja tu. "Shilingi kumi."

SEHEMU YA 6: Nilichomjibu mtoto

Tumalizie. Samahani kwa kuchelewa, jana zamu ilikuwa nzito.

Binti yangu nilimjibu hivi. Nilimwambia, "Uko sahihi, simba anakaa nyikani. Aliyeandika maneno ya Kiingereza hakuuliza vizuri. Wimbo wenyewe unaitwa Mbube, na aliyeutunga anaitwa Solomon Linda." Akaniuliza, "Solomon alimwona simba kweli?" Nikamwambia alikulia anachunga ng'ombe, simba alikuwa anawajua. Akaridhika. Sasa kila wimbo ukifika pale kwenye katuni anapiga kelele sebuleni, "Solomon Linda!" Mdogo wake wa miaka miwili naye anaitikia, "Linda!" Najua ni jambo dogo, lakini nyumba moja Morogoro jina limerudi mahali pake.

Nimewachukua safari hii yote kwa sababu kuna majina yanayodanganya ambayo hayana shida. Cuban Marimba waliipenda Kuba wakajiita hivyo wenyewe. Western Jazz walibeba jimbo lao. Msondo walibadilisha jina kila chama kilipobadilika. Jina ulilojipa mwenyewe, hata likipotosha, linabaki lako. Shida ni pale ambapo mtu mwingine ndiye anayeandika, kwa haraka, bila kuuliza, halafu karatasi yake ndiyo inayoaminiwa kuliko mtu mwenyewe.

Kwa hiyo nina maombi matatu kama nesi wenu.

La kwanza, mkijifungua, mwombeni nesi awasomee kilichoandikwa kwenye plasta ya mtoto. Majina yako yote, siyo moja. Nesi mzuri hatakasirika. Akikasirika, endelea kuuliza. Yule mama wangu wa miaka ile hakunigombeza, aliangalia tu mtoto wake badala ya kuangalia maandishi yangu, na akatuokoa sote.

La pili, andikisheni watoto. Usajili wa kuzaliwa ni ndani ya siku 90, na tangazo unalopewa hospitali usilikunje ukaliweka chini ya godoro. Angalia herufi za jina kabla hujaondoka dirishani. Nimeona watu wazima wanahangaika na mirathi au ajira kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa walipokuwa wachanga.

La tatu, kama una kijana nyumbani anayetunga nyimbo, usimcheke. Mwambie aandike jina lake na tarehe, asaini karatasi baada ya kuisoma, na apeleke kazi yake COSOTA ikasajiliwe. Wimbo wa dakika tatu unaweza kuishi kuliko yeye.

Na usiku ukimbembeleza mtoto, imba chochote. Malaika, simba, hata Sina Makosa kama baba yake hasikii. Mtoto anataka sauti yako. Ila akishakua, akikuuliza huyo malaika ni nani na huyo simba ni wa nani, usimwambie ni wimbo tu.

Niandikieni hapa chini, nyimbo gani mliziimba miaka yote kwa maana moja, siku moja mkagundua ina nyingine? Nitazisoma zote nikitoka zamu. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa na namna ya kumpima mtoto joto, mjiandae na kipimajoto.

Usiku mwema mama zangu.